Usajili wa VAT kwa mfanyabiashara mdogo Tanzania Bara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kuwashikia vitabu wenye maduka, mafundi wenye karakana na wauzaji wa vifaa vya ujenzi. Maswali yaliyo hapa ni yale ambayo watu hurudi nayo kila mwezi, wengine wakiwa na barua ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) mkononi. Ukiwa na haraka, soma la 5, la 12 na la 17. Hayo ndiyo yamewagharimu wengi.

## Mwanzo kabisa

1. VAT ni kodi gani, na si ileile kodi ya mapato?

Hapana, ni mbili tofauti. Kodi ya mapato inakata kwenye faida yako. VAT, yaani Kodi ya Ongezeko la Thamani, inamwangukia mlaji wa mwisho. Wewe muuzaji uliyesajiliwa unaikusanya kwake na kuipeleka TRA. Ndiyo maana mtu aliyepata hasara mwaka mzima anaweza kukosa kodi ya mapato ya kulipa, lakini VAT aliyokusanya bado inadaiwa.

Chukua mfano wa mabati. Umenunua kwa msambazaji mzigo wa shilingi 1,180,000, ndani yake mna VAT ya 180,000. Ukauza wote kwa 1,416,000, ndani yake mna VAT ya 216,000. Hiyo 216,000 inaitwa kodi ya mauzo, ile 180,000 inaitwa kodi ya manunuzi. Unachopeleka TRA ni tofauti yake, 36,000. Faida yako kabla ya pango na mishahara ni 200,000. Shilingi 216,000 zilipita tu kwenye droo yako, hazikuwa zako hata dakika moja. Ukilishika hilo, mengine yote kwenye ukurasa huu yatakuwa mepesi.

Angalizo la maneno: kabla ya 1 Julai 1998 kulikuwa na kodi nyingine iliyoitwa kodi ya mauzo, ambayo VAT iliibadili. Wafanyabiashara wa zamani bado wanalitumia jina hilo kumaanisha VAT yenyewe. Sheria inayotumika sasa ni ya mwaka 2014, iliyoanza kazi 1 Julai 2015.

2. Kiwango ni asilimia ngapi?

Kiwango cha kawaida Bara ni 18%. Kilikuwa 20% hadi kiliposhushwa mwaka 2009. Sheria ya Fedha ya 2025 imeleta 16% kwa mauzo yanayofanywa kwa mnunuzi asiyesajiliwa VAT anayelipa kwa benki au kwa njia ya kielektroniki, hivyo hakikisha mashine yako ya risiti (EFD) imewekewa viwango vyote viwili. Bidhaa zinazouzwa nje ya nchi zina kiwango cha sifuri. Kuhusu Zanzibar, rejea swali la 20.

3. Nina TIN. Hiyo haitoshi?

Haitoshi. TIN ni namba ya mlipakodi, na kila mwenye biashara anatakiwa kuwa nayo, awe na genge au kiwanda. Ukisajiliwa VAT unapewa namba ya pili, VRN, pamoja na cheti chake. Asiye na VRN haruhusiwi kumtoza mteja VAT, hata kama TIN yake ina miaka 20.

4. Usajili unalipiwa kiasi gani?

Bure. TIN ni bure na VRN ni bure. Anayekuomba "ya kuharakisha" ni kishoka. Ukimlipa mhasibu au mshauri wa kodi akuandalie nyaraka, hiyo ni ada ya kazi yake na anatakiwa akupe risiti yake.

## Nani anatakiwa kusajiliwa

5. Mauzo yakifika wapi ndipo nalazimika?

Shilingi milioni 200 ndani ya miezi 12, au milioni 100 ndani ya miezi sita. Viwango hivi vilianza 1 Julai 2023. Kabla ya hapo vilikuwa nusu yake, na bado nakutana na watu wanaohesabu kwa milioni 100 za zamani.

Watu hukosea katika mambo matatu. Kwanza, ni mauzo, si faida. Duka la saruji linaweza kufikisha milioni 200 huku mwenyewe akibaki na faida ndogo sana kwa kila mfuko. Pili, ni miezi 12 yoyote inayofuatana, hakuna kusubiri Januari hadi Desemba. Tatu, sheria inaangalia pia mbele: ukisaini mkataba ambao kwa mahesabu ya kawaida utakuvusha kiwango, usisubiri pesa ziingie.

Kwa kupima haraka, milioni 200 kwa mwaka ni kama milioni 16.7 kwa mwezi. Ukiona miezi mitatu mfululizo uko milioni 15 na biashara inapanda, anza kukusanya nyaraka zako.

Kwa wakala wa pesa za simu: mauzo yako ni kamisheni unayopata. Pesa za watu unazoweka na kutoa hazihesabiwi. Nimewaona mawakala wakikosa usingizi bure kwa sababu ya milioni zinazopita kwenye simu.

6. Kila ninachouza kinahesabiwa?

Kinachohesabiwa ni mauzo yanayotozwa VAT, pamoja na yale ya kiwango cha sifuri. Yaliyosamehewa hayahesabiwi. Katika yaliyosamehewa mna mazao ya kilimo yasiyosindikwa, mifugo, elimu, pango la nyumba ya kuishi, usafiri wa abiria kama daladala na mabasi (teksi na magari ya kukodi hayamo), petroli, dizeli na mafuta ya taa.

Kwa hiyo mfanyabiashara wa mahindi na maharage ya gunia anaweza kuuza milioni 300 na asitakiwe VAT. Mwenye duka la vifaa vya umeme akifika 200 hana pa kukwepea. Ukiuza kifaa cha kazi, mfano gari la zamani la kubebea mzigo, hiyo nayo haiingii kwenye kupima kiwango.

Usichanganye "kusamehewa" na "kiwango cha sifuri". Kwa mnunuzi bei inaonekana ileile, haina kodi. Kwako tofauti ni kubwa: mwenye kiwango cha sifuri anarudishiwa kodi aliyolipa kwenye manunuzi yake, aliyesamehewa harudishiwi.

7. Mimi ni mwanasheria, ofisi ni ndogo, sifikishi hata milioni 40. Nahusika?

Unahusika. Watoa huduma za kitaaluma, kama wanasheria, wahasibu, wahandisi na wasanifu majengo, wanatakiwa kusajiliwa bila kuangalia mauzo. Kundi hili husahau kwa sababu kila mahali wanasikia habari za milioni 200.

8. Niko chini ya kiwango, lakini wateja wangu wakubwa wanataka muuzaji mwenye VRN. Naweza kuomba?

Njia iliyopo ni ya mwenye nia ya kuanza au kukuza biashara. Unamwonyesha Kamishna (mkuu wa TRA) kwamba utafanya mauzo yanayotozwa kodi na utavuka kiwango: mkataba uliosainiwa, tenda uliyoshinda, ramani ya jengo, mkopo wa benki, mpango wa biashara, na muda ambao utaanza kuuza. Maneno matupu hayatoshi.

Kabla hujaomba, jiulize wateja wako ni nani. Ukiuza kwa kampuni zilizosajiliwa, 18% yako haiwaumizi kwa sababu wanaidai kama kodi ya manunuzi. Ukiuza kwa mama anayejenga chumba kimoja kimoja, 18% inaongezeka moja kwa moja kwenye bei anayolipa, na jirani yako asiyesajiliwa atamchukua. Mwenye duka la rejareja ambaye sheria haijamfikia namshauri asikimbilie.

9. Nina maduka mawili. Je, nikiandika moja kwa jina la mke wangu?

Anayesajiliwa ni mtu au kampuni, si jengo. Maduka mawili ya mtu mmoja yanajumlishwa, VRN ni moja, na kila tawi linabandika nakala ya cheti.

Kuligawa duka kwa majina ya ndugu ili kila moja libaki chini ya kiwango ni mchezo ambao sheria inaujua. Kamishna anaweza kuzihesabu biashara hizo kuwa moja. Kama kweli mkeo ana biashara yake, mtaji wake, stoku yake na akaunti yake, hapo hakuna ubishi. Kama mzigo unatoka stoo moja na pesa zinaingia simu moja, ni biashara moja.

10. Nisiposajiliwa VAT, basi sihitaji mashine ya EFD?

Unaweza kuihitaji. Mashine na VAT si kitu kimoja. Wajibu wa kutoa risiti ya EFD unaanza chini kabisa, kwenye mauzo ya milioni 11 kwa mwaka. Asiyesajiliwa VAT anatoa risiti ya EFD isiyo na VAT, na kodi yake ya mapato anaendelea nayo kama kawaida.

## Kujisajili

11. Niandae nini?

Maombi yanafanywa kwenye mtandao wa TRA kwa TIN yako, au ofisi ya mkoa au wilaya yako ikikusaidia. Uwe na kitambulisho cha NIDA, leseni ya biashara, mkataba wa pango au uthibitisho wa eneo, nyaraka za BRELA (wakala wa usajili wa kampuni) kama ni kampuni, na rekodi za mauzo za miezi iliyopita. Maofisa wanaweza kuja kuona eneo. Wakifika wakute biashara ile uliyoiandika, kwenye mtaa ule ulioutaja; maombi mengi hukwama kwa sababu mtu alihama fremu na hakurekebisha taarifa za TIN.

12. Nina muda gani tangu nivuke kiwango? Nikichelewa je?

Siku 30. Na hapa naomba usome taratibu.

Ukichelewa, TRA inaweza kukusajili yenyewe na kukukadiria kodi tangu siku uliyostahili kusajiliwa, pamoja na adhabu na riba. Wateja wa miezi hiyo wameshaondoka na bidhaa zao na huwezi kuwafuata. VAT inahesabiwa kuwa ilikuwa ndani ya bei uliyouzia, yaani 18 gawanya kwa 118. Kwa mauzo ya milioni 20 za mwezi mmoja, hiyo ni kama shilingi 3,050,000. Miezi sita ni zaidi ya milioni 18, na zinatoka kwenye mtaji. Mteja wangu mmoja, muuza tairi, alifunga tawi zima kulipa deni la namna hii, na hakuwa mkwepaji. Alikuwa hajumlishi daftari lake.

Jumlisha mauzo kila mwisho wa mwezi. Ni kazi ya nusu saa.

13. Cheti kimetoka leo. Nafanya nini kesho asubuhi?

Bandika cheti mahali mteja anapokiona. Mwite msambazaji wa mashine aingize VRN na viwango vya kodi kwenye EFD, na usiuze kwa mipangilio ya zamani hata siku moja baada ya tarehe ya usajili. Badilisha bei rafuni ziwe zimejumuisha VAT. Hesabu stoku yote uliyonayo siku hiyo, iandike, ambatanisha risiti zake za manunuzi.

Kisha tenga mahali pa kuweka pesa ya VAT. Kuna dada mmoja mwenye duka la rangi ambaye kila jioni, mashine ikishatoa ripoti ya Z (jumla ya mauzo ya siku), anasoma mstari wa VAT kwenye kile kikaratasi na kuhamisha kiasi hicho kwenye akaunti ya pili palepale, kabla hajafunga mlango. Tarehe 20, siku ya mwisho ya kulipa, haijawahi kumtisha.

## Baada ya kusajiliwa

14. Ritani (taarifa ya VAT ya mwezi) inawasilishwa lini?

Kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mauzo ya Machi, ritani na malipo ni kufikia 20 Aprili. Unajaza mtandaoni, unapata kontroli namba, unalipa benki au kwa simu.

Mwezi usiouza kitu pia una ritani, ya sifuri. Kutowasilisha kuna adhabu kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, ambayo ni 2.5% ya kodi au kiasi kilichopangwa na sheria, kipi ni kikubwa. Kwa hiyo hata kodi ikiwa sifuri adhabu ipo. Usifanye jioni ya tarehe 20, siku ambayo nchi nzima iko kwenye mfumo huohuo.

15. Risiti zipi zinakubalika kudai kodi ya manunuzi?

Risiti ya EFD kutoka kwa muuzaji aliyesajiliwa, yenye jina lako, TIN yako na VRN yako. Mwambie muuzaji aziingize kabla hajabonyeza. Risiti isiyo na utambulisho wako haikusaidii. Kwa mzigo wa bandarini au mpakani, ni nyaraka za forodha zinazoonyesha VAT uliyolipa. Una miezi sita ya kudai, kisha haki hiyo inapotea.

Jambo dogo lenye maumivu: karatasi ya EFD inafutika. Mzee mmoja aliniletea boksi la viatu lililojaa risiti za mwaka mzima, alikuwa akiliweka juu ya dashibodi ya gari. Nusu yake zilikuwa nyeupe kabisa, ukizigeuza kwenye mwanga unaona kivuli cha nembo tu. Piga picha au toa fotokopi siku ileile. Kumbukumbu zinatakiwa zitunzwe miaka mitano, na joto la Dar es Salaam halivumilii hata miezi mitano.

16. Kuna manunuzi ambayo VAT yake hairudi hata nikiwa na risiti?

Yapo. Gari dogo la abiria, isipokuwa biashara yako ndiyo kuuza au kukodisha magari hayo. Gharama za burudani. Uanachama wa klabu za michezo na starehe. Matumizi ya nyumbani pia hayamo. Saruji ya kujenga kwako si ya dukani, hata kama imebebwa na gari moja.

17. Nimekopesha, mteja hajalipa. Nalipaje VAT ya pesa ambayo sijaipata?

Hili ndilo linaloua biashara ndogo nzuri, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

VAT inadaiwa pale tukio la kwanza linapotokea kati ya matatu: umetoa ankara, umepokea malipo, au umetoa bidhaa au huduma. Kwa hiyo ukipeleka madawati ya milioni 11.8 shuleni mwezi Mei na kutoa risiti, ile milioni 1.8 inadaiwa 20 Juni, hata kama shule itakulipa Oktoba. Unaifadhili wewe kwa miezi minne.

Wengine huacha kutoa risiti hadi walipwe. Hilo ni kosa, kwa sababu mzigo umeshatoka. Lenye msaada ni makubaliano ya mwanzo: omba malipo ya awali yanayofunika angalau VAT, au gawa kazi kwa awamu, kila awamu na ankara yake. Kabla ya kuingiza bei kwenye tenda, uliza mlipaji huchukua muda gani, na uiweke gharama hiyo kwenye bei. Deni likifa kabisa sheria ina nafuu yake kwa deni sugu lililofutwa vitabuni, lakini inataka muda na ushahidi, haitakuokoa mwezi huu.

18. Mashine imeharibika katikati ya siku. Nifunge?

Usifunge, na usiuze kimyakimya. Toa taarifa TRA na kwa msambazaji ndani ya saa 24, tumia risiti za mkono kwa muda huo, na mashine ikipona ingiza mauzo yote. Tunza ushahidi wa taarifa uliyotoa, hata ujumbe wa simu.

19. Mwezi huu kodi ya manunuzi imezidi ya mauzo. Narudishiwa?

Kwa kawaida ziada inahamishiwa mwezi unaofuata. Ikibaki baada ya miezi sita ndipo unaomba marejesho. Ambaye nusu au zaidi ya mauzo yake ni ya kiwango cha sifuri, kama msafirishaji wa bidhaa nje, anaweza kuomba mapema zaidi. Maombi ya marejesho huleta ukaguzi, kwa hiyo risiti za swali la 15 ziwe zimepangwa.

## Mambo ya pembeni

20. Na Zanzibar?

Zanzibar ina sheria yake ya VAT, kiwango chake cha kawaida kimekuwa 15%, na msimamizi wake ni ZRA, mamlaka ya mapato ya huko. Ukiwa na duka Darajani na jingine Kariakoo, usajili wa upande mmoja haufuniki mwingine.

21. Nauza vilivyosamehewa na visivyosamehewa kwenye duka moja.

Mfano ni mwenye maharage ya gunia upande mmoja, sabuni na soda upande wa pili. Kodi ya manunuzi ya sabuni unaidai yote. Ile ya gharama za pamoja, kama pango la fremu na umeme, unaidai kwa uwiano wa mauzo yanayotozwa kodi. Uwiano ukifika 90% unadai yote, ukiwa chini ya 10% hudai kitu. Ili hesabu hii iwezekane, kila bidhaa iwe na kundi lake sahihi kwenye mashine tangu mwanzo.

22. Mkataba umeandika bei tu, haujataja VAT. Nani anaibeba?

Wewe. Bei isiyosema kitu inahesabiwa kuwa imejumuisha VAT. Mkataba wa milioni 59 usio na maelezo ya VAT una VAT ya milioni 9 ndani yake, unabaki na 50. Andika wazi: "bei haijajumuisha VAT."

23. Sijasajiliwa, lakini mteja anasisitiza nimtoze VAT ili adai.

Kataa. Kutoza VAT bila VRN ni kosa, na ulichotoza bado utadaiwa. Mweleze hali yako, mpe risiti ya EFD isiyo na VAT. Kama mteja wa namna hii ni wengi, soma tena swali la 8.

24. Mauzo yameshuka. Naweza kujitoa?

Unaweza kuomba kufutiwa usajili mauzo yakiwa chini ya kiwango, au ukifunga biashara. Waliosajiliwa kwa milioni 100 za zamani na hawafikishi 200 wako kwenye kundi hili. Lakini usiache tu kuwasilisha ritani ukadhani usajili utajifia. Adhabu za swali la 14 zinaendelea kuhesabiwa hadi siku Kamishna atakapokufuta rasmi.

Kuna ritani ya mwisho, na stoku uliyobaki nayo ambayo uliidai kodi ya manunuzi inatozwa VAT siku hiyo, kana kwamba umejiuzia mwenyewe. Uza mzigo upungue kabla ya kuomba. Ukishafutwa, rudisha cheti, kitoe ukutani, na mashine irekebishwe isichape VAT tena kuanzia tarehe iliyo kwenye barua.